Bakshishi ya Jael

Mwanamke wa Kizungu alitoka kwenye geti la bandari peke yake, akawapita madereva na waongoza wageni wote waliokuwa wakimwita, akamwendea askari wa zamu na kumuuliza kama palikuwa na mtu yeyote pale anayemjua msichana aitwaye Jael, mfanyakazi wa melini.

Askari aligeuka. Alimtazama Cynthia Mung'aro, aliyekuwa ameketi kwenye ukuta mfupi huku kitambulisho chake cha kuongoza wageni kikining'inia shingoni. Waongoza wageni wengine nao waligeuka kumtazama. Pale Kilindini wote walijua kwamba Cynthia aliwahi kufanya kazi kwenye meli ile ile ya watalii iliyotia nanga asubuhi hiyo. Walijua pia kwa nini aliiacha.

"Mimi namjua," Cynthia alisema, akashuka ukutani.

Mwanamke yule aliitwa Hilde. Alikuwa mwalimu mstaafu kutoka Norway, mjane, mwenye umri wa kuweza kuwa nyanya wa Cynthia. Alikuwa amevaa kofia ya ukili na kukumbatia mkoba wake kifuani kama anayeogopa wezi, lakini macho yake hayakuwa ya mtu mwenye hofu ya wezi. Alisema kwamba alikuwa na kitu cha kumpa Jael, au kuwapa watu wake kama Jael mwenyewe hapatikani.

Cynthia alidhani ameelewa. Wageni wa aina hiyo walikuwapo. Mtu husafiri na meli, akapendezwa na mhudumu wake, na miaka ikipita anarudi akimtafuta. Hakutaka kumpa habari ya msiba pale getini mbele ya watu wote. Akasimamisha tuktuk, akampeleka Mji wa Kale, kwenye mkahawa mdogo nyuma ya Ndia Kuu ambako asubuhi hapana watu wengi. Aliagiza kahawa na haluwa, akangoja mpaka mhudumu akaondoka.

"Bi Hilde, mara ya mwisho ulimwona Jael lini?"

"Leo asubuhi," Hilde alisema. "Kabla sijashuka."

Cynthia alikuwa ameshika kikombe. Alikirudisha kwenye sahani polepole, akakiacha.

Jael alikuwa amepotea baharini. Ilikuwa sasa yapata miaka mitatu. Yeye na Cynthia walikuwa wahudumu wa vyumba, wakifanya kazi wawili wawili kama ilivyo desturi ya meli zile, na chini kabisa, kwenye vyumba vya wafanyakazi visivyo na dirisha, walilala kitanda cha juu na cha chini. Usiku mmoja meli ilipokaribia pwani, Jael alipanda kwenye sitaha ya nyuma ya wafanyakazi ili apate mtandao wa kupiga simu nyumbani. Asubuhi kitanda chake hakikuwa kimelaliwa. Meli ilipekuliwa chumba kwa chumba, ikageuzwa, ikazunguka majini kutwa nzima. Hakuonekana yeye wala kiatu chake. Kwenye simu ya mama yake, huku Majengo, palibaki alama ya simu iliyopigwa usiku ule ikakatika bila kupokewa, kwa kuwa mama alikuwa amelala.

Cynthia hakuyasema hayo bado. Aliuliza tu, "Anafananaje, huyo unayemwona?"

Hilde alifikiri. "Hapo ndipo penye shida. Mwili ninaweza kukueleza. Ni mrefu, mwembamba, mabega mapana. Uso siwezi. Kila nikitaka kumtazama usoni huwa ameinama, anatandika kitanda au anaokota kitu. Lakini beji yake nimeisoma. Jael, na chini yake, Kenya. Na mikono ya sare yake huwa imelowa mpaka kwenye viwiko. Nilidhani ni kazi ya kuosha bafu."

"Anasema nawe?"

"Neno moja tu, akiwa mlangoni. Wengine wote hubisha na kutaja kazi yao kwa Kiingereza. Yeye husema hodi."

Katika meli yote yenye wahudumu wa mataifa kila namna, alikuwepo mmoja tu aliyebisha milango ya Wazungu kwa hodi. Msimamizi alimkanya mara nyingi. Jael alikuwa akijibu kwamba mtu akiingia nyumba ya watu bila hodi ni mwizi, hata kama ameajiriwa kuingia.

"Na wewe humjibu nini?"

"Sikujua kwamba kuna jibu," Hilde alisema. "Ni safari yangu ya pili kwenye meli hii. Mwaka jana pia ni yeye aliyenihudumia, korido ile ile. Hata siku moja sijamjibu."

Kisha Hilde akaeleza kilichomleta. Kwao, alisema, kumpa mhudumu pesa mkononi ni karibu na matusi. Ni kama kumwambia kwamba unajua mwajiri wake hamlipi. Kwa hiyo alifurahi alipoona kwamba melini bakshishi hukatwa kwenye bili kila siku, bila mtu kuaibika. Aliamini kwamba zinamfikia anayestahili. Lakini juzi, mezani, mgeni mwenzake alimwambia kwamba zile pesa zinaingia kwenye chungu kimoja na hakuna ajuaye nani anapata nini. Jambo hilo lilimkosesha raha. Akaenda mapokezi kuuliza kama Jael anapata fungu lake.

"Yule binti wa mapokezi alitafuta jina kwenye kompyuta, akasema halipo. Akaja mkubwa wake. Akatabasamu, akaniambia huenda nimesoma beji vibaya. Niliporudi chumbani nikamkuta kijana wa Kifilipino anayeitwa Rodel, ambaye husafisha vyumba vya korido yetu. Nikamuuliza, mwenzako yuko wapi? Akasema yeye hufanya kazi peke yake. Halafu akafunga mlango, akaniambia kwa sauti ya chini, bibi, usiulize hapa. Ukifika Mombasa, uliza huko."

Alitoa simu mkobani, akatafuta picha, akaisogeza mezani. "Hii nilipiga jana."

Wahudumu wa vyumba vya melini hufunzwa kukunja taulo ziwe wanyama ili kuwafurahisha wageni. Kila mmoja hufunzwa wale wale: tembo, bata maji, nyani. Picha ya Hilde ilionyesha kitanda kilichotandikwa kwa unadhifu, na katikati yake taulo lililokunjwa likawa kuku aliyeatamia, mkia umeinuka, kichwa kimeegemea bawa. Katika miaka yake yote melini Cynthia alimjua mtu mmoja tu aliyeweza kukunja kuku yule. Jael alikuwa akisema ni kuku wa mama yake. Cynthia alijaribu kujifunza, lakini wa kwake kila mara alianguka kifudifudi.

Hapo ndipo alipomwambia Hilde ukweli wote. Hakuona njia ya kuupunguza makali.

Hilde hakubisha wala hakucheka. Alivua kofia yake, akaiweka magotini, akakaa akiitazama. Nje, muuza kahawa alipita akigonganisha vikombe vyake. Mwishowe Hilde aliuliza swali ambalo Cynthia hakulitarajia.

"Alipokuwa hai, je, zilimfikia?"

"Zilifika zilizofika," Cynthia alisema. "Zile za kwenye bili hugawanywa kwa wote, watu wa vyumba, watu wa mezani, mpaka wafua nguo ambao nyinyi wageni hamuwaoni kamwe. Lakini siku ya mwisho ya safari wageni wengine hupanga foleni mapokezi waombe zifutwe. Wakifuta, chungu kinapungua kwa sisi sote. Na mgeni aliyefuta, akimpa mhudumu wake bahasha mkononi, sheria ya meli yetu ilisema mhudumu aipeleke bahasha hiyo chunguni."

"Nanyi mlipeleka?"

"Wengi walificha. Jael alipeleka." Cynthia alitazama pembeni. "Tulimcheka. Alisema hawezi kula pesa huku yule anayefua shuka anazozitandika yeye amekosa. Lakini nakumbuka aliniambia kwamba si pesa zinazomuuma. Zinazomuuma ni zile bahasha ambazo watu huziacha juu ya mto wakiwa wameshaondoka. Alisema angependa mara moja mtu amkabidhi mkononi, amtazame, aseme asante Jael. Basi. Mara moja tu."

Hilde alifungua mkoba wake, akatoa bahasha nyeupe. Juu yake alikuwa ameandika jina kwa herufi kubwa, za kimwalimu.

"Nipeleke kwa mama yake," alisema.

Cynthia aliogopa safari ile kuliko kitu chochote. Wazazi wa Jael walikuwa Wajaluo. Baba yake, mzee Joab, alikuja Mombasa kijana kufanya kazi ya reli, akastaafu, akabaki Majengo katika nyumba ya kupanga yenye ua mdogo nyuma. Alikuwa mzee wa kanisa. Kwa desturi za kwao, mtu akipotelea majini asipatikane, watu wake huchukua tunda la yago, lile refu na zito linaloning'inia mtini kama mfuko uliojaa, wakalizika nyumbani badala ya mwili, ili roho yake ijue pa kurudi. Ndugu walimwomba Joab afanye hivyo tangu mwaka wa kwanza. Alikataa. Alisema yeye ni Mkristo na hataki kuzika tunda. Mkewe alimwambia Cynthia siku moja walipokuwa peke yao kwamba kinachomzuia si Ukristo. Akizika, atakuwa amekubali.

Walimkuta mama Jael uani akiwatupia kuku mahindi. Alikuwa mnene, mwenye mwendo wa taratibu, na simu yake ilikuwa imefungwa kwenye pindo la leso, mahali ilipokuwa siku zote, kwa kuwa tangu usiku ule hakuwahi kuiweka mbali wala kuizima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Umeniletea mgeni na mimi niko hivi?"

Aliwaingiza sebuleni, akamtuma jirani soda, akaketi. Mzee Joab alikuwa chumba cha ndani, walimsikia akikohoa. Cynthia alianza kwa kuzunguka, akataja meli, akataja korido, akashindwa. Hilde alimwekea mkono begani, kisha akasimama, akampelekea mama Jael simu yenye ile picha.

Mama Jael aliitazama kwa muda mrefu. Alipitisha kidole juu ya kioo, juu ya mkia wa kuku.

"Huyu ni kuku wetu," alisema. "Nani amemkunja?"

Cynthia alimweleza. Alisema yote kama alivyoambiwa, na alipokuwa akisema alimwona mzee Joab amefika kwenye mlango wa chumba, ameshika fremu, bila viatu. Cynthia alitazamia mama angelia. Hakulia. Alimgeukia Hilde na kuanza kuuliza, huku Cynthia akitafsiri, na maswali yake yalikuwa kama ya mama yeyote aliyepata habari za mtoto aliyeko mbali.

"Amekonda?"

Hilde alisema ni mwembamba.

"Hivyo ndivyo alivyo. Amevaa viatu?"

Hilde alifumba macho ili akumbuke. Akasema hapana. Alikuwa akisikia nyayo zake kwenye zulia, nyayo tupu, na nyuma yake zulia lilibaki na unyevu.

Mama Jael aliitikia kwa kichwa. "Anaonekana kuchoka?"

"Ndiyo," Hilde alisema. "Anafanya haraka, kama mtu aliyechelewa, ambaye bado ana vyumba vingi."

Hapo ndipo mama alipoinamisha uso. "Hawajamwambia aache," alisema. "Miaka yote hii mtoto anatandika, hakuna aliyemwambia kwamba kazi imekwisha."

"Mama Jael," mzee Joab alisema kutoka mlangoni. Sauti yake ilikuwa kavu. "Usimpe mgeni mambo haya. Mama huyu ni mzee, amechoka na safari, meli inayumba, mtu anaona mambo." Akamgeukia Cynthia. "Muulize anataka nini kwetu."

Cynthia aliuliza. Hilde alitoa bahasha, akaishika kwa mikono yote miwili, akasema ni bakshishi ya Jael, ya safari mbili, na kwamba anaona haya kuileta ikiwa imechelewa.

"Airudishe," Joab alisema. "Sili pesa ya mtoto ambaye sijamzika."

Maneno yale alikuwa ameyasema mwenyewe, na Cynthia alimwona akiyasikia baada ya kuyatamka. Mzee alitazama sakafu. Kisha akageuka, akarudi ndani, na kitanda kikalia alipokikalia.

Mama Jael aliisukuma bahasha kwa upole irudi kwa Hilde. "Baba yake amesema kweli, si yetu. Mwambie dada yangu huyu kwamba bakshishi ya mtu hupewa mwenyewe. Akija kesho, ampe. Asiiache kitandani. Amkabidhi mkononi. Na kabla ya hapo, akisikia hodi, ajibu karibu."

Cynthia alisita kutafsiri. Kwao Kaloleni, alikozaliwa, watoto walikanywa wasiitikie hodi ya mtu wasiyemwona. Mama Jael alimsoma usoni.

"Mwanangu, wewe unamwogopa Jael?"

"Simwogopi, mama."

"Basi sema."

Alisema. Hilde akauliza atamke nini wakati wa kumkabidhi. Mama Jael alimfunza maneno mawili ya Kijaluo, dog dala, rudi nyumbani. Walikaa pale sebuleni, wanawake wawili wazee wasio na lugha moja, mmoja akisema na mwingine akirudia, mpaka Hilde akayatamka bila kujikwaa. Mle chumbani kukohoa kulikuwa kumenyamaza. Cynthia alijua kwamba mzee anasikiliza.

Walimrudisha Hilde bandarini kabla ya geti kufungwa. Mama Jael alitaka kuingia naye. Askari alimweleza kwa heshima kwamba haiwezekani, na yeye akasema anajua, alikuwa anajaribu tu. Alimshika Hilde mikono yote miwili, akamwachia.

Meli ilipong'oa nanga Cynthia na mama Jael walikuwa kwenye bustani ya ufukweni ya Mama Ngina, ambako kila chombo kinachotoka Kilindini hupita karibu na watu. Watu walikuwa wengi, wakila mihogo ya kukaanga na kupigwa na upepo, watoto wakipunga mikono kwa wageni waliojipanga sitahani juu. Mama Jael hakutazama juu. Alitazama chini, karibu na maji, nyuma ya meli, pale penye sitaha ndogo ya wafanyakazi isiyo na viti wala bendera. Cynthia naye alitazama hapo. Aliona kamba, aliona pipa. Halafu kwa muda mfupi aliona kitu cheupe kando ya pipa, kama taulo lililoanikwa, na pamoja na upepo kuwa mkali vile, lile taulo halikupepea.

Alipomgeukia mama Jael alimkuta ameinua mkono, hapungi, ameuinua tu, kama mtu anayemwonyesha mwenzake mahali alipo.

Siku iliyofuata hapakuwa na habari. Wala iliyofuata. Cynthia aliongoza wageni, akaeleza habari za Ngome ya Yesu bila kusikia anachosema. Usiku alilala taa ikiwaka. Kisha, akiwa anakula chakula cha mchana, simu ilileta ujumbe wa sauti kutoka kwa Hilde, mrefu, wenye mngurumo wa mashine nyuma yake. Aliusikiliza mara moja, akafunika sahani, akaenda Majengo.

Safari hii mzee Joab alikuwa sebuleni. Cynthia aliweka simu mezani, akawa anasimamisha sauti na kutafsiri kipande kwa kipande.

Hilde alisema kwamba asubuhi ya kwanza Jael hakuja. Rodel ndiye aliyesafisha, na alikuwa na wasiwasi, alisema korido ilikuwa na baridi tangu Mombasa. Asubuhi ya pili Hilde hakwenda kula. Alikaa kwenye kiti akiwa ameshika bahasha. Mlango ulibishwa, sauti ikasema hodi. Hilde alijibu karibu. Alisema kwamba baada ya kujibu ilipita muda, kama mtu wa nje hakuamini alichosikia. Kisha mlango ulifunguka, na yule msichana akaingia, mikono imelowa, akaenda moja kwa moja kitandani kama siku zote na kuinama.

"Nikasema, Jael. Akaacha kutandika. Nikasema, asante, Jael, kwa chumba hiki na kwa mwaka jana. Akanyooka. Nilikuwa sijawahi kumwona amenyooka. Akageuka, na nikauona uso wake. Sitausimulia kwenye simu. Ulikuwa uso wa msichana, mzuri, si wa kutisha. Nikamnyooshea bahasha, nikasema yale maneno ya mama yake. Akaniuliza kitu, na nilimwelewa, ingawa sijui kwa lugha gani. Aliuliza nani atabaki na chumba. Nikamwambia nitatandika mwenyewe. Akaichukua bahasha. Sikumwona akitoka. Zulia lilikuwa limelowa mahali aliposimama, na maji yale nimeyaonja kwa kidole. Ni ya chumvi."

Ujumbe ulikwisha. Nje kuku walikuwa wakiparua. Mama Jael alikuwa amefunika mdomo kwa leso, mabega yakitikisika, na kwa mara ya kwanza tangu Cynthia amjue alilia mbele ya mumewe.

Mzee Joab alijikohoza. "Aliipokeaje?" aliuliza.

"Baba?"

"Hiyo bahasha. Aliipokeaje? Muulize."

Cynthia aliandika swali. Jibu la Hilde lilikuja baada ya kitambo, na Cynthia akalisoma. "Kwa mikono miwili. Na alipiga goti kidogo."

Joab alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akaivua tena. "Nilimfunza hivyo mimi," alisema. "Akiwa hivi." Akaonyesha kimo kwa kiganja, karibu na goti lake.

Wiki hiyo hiyo aliwapigia ndugu zake kwao Siaya. Hakueleza sana. Alisema tu kwamba wachimbe, anakuja. Mama Jael alimwachia Cynthia ufunguo wa nyumba na kuku. Cynthia aliwasindikiza mpaka kituo cha basi, na pale mzee, ambaye tangu msiba mpaka alipokuja Hilde hakuwa amemwambia zaidi ya salamu, alimshika mkono akasema, "Ulilala naye chumba kimoja. Wewe pia pumzika."

Habari za maziko Cynthia alizipata kwa simu, kutoka kwa mama. Walikuwa wamemzika karibu na nyanya yake. Kasisi alikuja akaomba, hakuuliza ndani ya jeneza mna nini. Watu walikuwa wengi. Kilichochukua muda, mama alisema, ni kulipata lile tunda. Vijana walileta moja, Joab akalishika mikononi, akalipima, akalikataa. Wakaleta la pili, akalikataa pia. Mwishowe alikwenda mwenyewe mtoni, ingawa mguu wake mmoja ni mbovu, akazunguka chini ya miti akitazama juu, na kila walipomwonyesha mojawapo alitikisa kichwa.

"Hilo fupi," alikuwa akiwaambia. "Mtoto wangu alikuwa mrefu."